Mfupi au mwembamba? Kumpima kijana mdogo mwenye mbio kabla ya drafti ya NFL

Kila mwezi wa nne shemeji yangu hunitumia video. Huwa ni kijana wa chuo fulani, kichwa chake kinawafikia wenzake begani, kakumbatia mpira, na wanaume wa kilo mia wanamkosa mmoja baada ya mwingine kama watu wanaokimbiza kuku siku ya sherehe. Video haizidi sekunde arobaini. Chini yake ameandika maneno mawili: "Huyu je?"

Tunaishi Texas, na huku drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hufuatiliwa kama usajili wa Simba na Yanga unavyofuatiliwa Dar es Salaam. Kila mtu ni mtaalamu, na kila mtu amewahi kuumbuka. Kwa ambaye hajaufuatilia mpira wa Kimarekani, drafti ni siku tatu za mwishoni mwa Aprili ambapo timu 32 huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia. Chaguo la 8 ni mali. Chaguo la 130 ni bahati nasibu. Kwa hiyo swali la shemeji haliwezi kuwa kama kijana anajua kucheza. Anajua, ndiyo maana video ipo. Swali ni achukuliwe kwa bei gani, na akishafika apewe kazi gani.

Hapo nina ugomvi na wachambuzi wa huku. Wachezaji wote wa namna hii wanawatia kwenye kapu moja: wadogo. Sisi tunajua kuna mfupi na kuna mwembamba, na hawa ni watu wawili. Mfupi anaweza kuwa amejazia kama gunia la chumvi. Mwembamba anaweza kuwa mrefu kuliko mimi na bado upepo wa beki mmoja ukamtosha. Ukiwachanganya hao wawili utalipa bei ya mmoja ukaletewa mwingine.

Sproles na Austin

Tuanze na jozi ninayoipenda kuliko zote, maana ukiwaweka bega kwa bega kabla hawajacheza hata mechi moja ya kulipwa, karibu kila mtu angekosea.

| | Darren Sproles | Tavon Austin |
|---|---|---|
| Chuo | Kansas State | West Virginia |
| Kimo | sm 168 | sm 174 |
| Uzito | kilo 85 | kilo 79 |
| Mbio za yadi 40 | sekunde 4.47 | sekunde 4.34 |
| Drafti | 2005, chaguo la 130 | 2013, chaguo la 8 |

Yadi 40 ni kama mita 36 na nusu, na ndicho kipimo kinachotazamwa kuliko vyote pale Indianapolis, ambako vijana hupimwa kila mwaka kabla ya drafti. Kwa kipimo hicho Austin anashinda wazi. Kwa video anashinda pia. Novemba 2012, dhidi ya Oklahoma, kocha wake alimtoa kwenye nafasi yake ya mpokeaji, yaani mdaka pasi, akampanga kuwa mkimbiaji, anayeubeba mpira. Alibeba mpira mara 21 akapata yadi 344. Ukijumlisha aliyodaka na aliyorudisha mateke (kudaka mpira uliopigwa na adui na kukimbia nao), yadi 572 katika usiku mmoja. West Virginia walifungwa 50–49, lakini nani alikumbuka matokeo? St. Louis Rams walikuwa na chaguo la 16. Wakapanda hadi la 8 kwa kuwalipa Buffalo Bills chaguo la raundi ya pili na mengine juu yake, ili mtu asiwawahi.

Sproles naye hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 2003 aliongoza nchi nzima kwa kukimbia na mpira, yadi 1,986, na katika fainali ya ligi yao ya Big 12 aliwakimbilia Oklahoma hao hao yadi 235 huku Kansas State wakishinda 35–7. Lakini sentimita 168! San Diego Chargers walimchukua raundi ya nne, wakamweka nyuma ya mkimbiaji wao mkuu, LaDainian Tomlinson, arudishe mateke.

Sasa tazama ilivyokwenda. Sproles alicheza hadi 2019, timu tatu. Mwaka 2011, akiwa New Orleans Saints, alikusanya yadi 2,696 kwa jumla ya kukimbia, kudaka na kurudisha mateke, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Alikuwa ameletwa kujaza nafasi ya Reggie Bush, mtu aliyechukuliwa wa pili katika drafti nzima ya 2006. Austin alifanya siku moja ya ajabu katika msimu wake wa kwanza, dhidi ya Indianapolis Colts: alirudisha teke yadi 98, akadaka pasi mbili za yadi 57 na 81, zote zikaishia kwenye tachidauni, yaani bao la kuvuka mstari wa mwisho. Mwaka 2016 akapewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 42. Mwaka 2018 Rams walimtoa kwa Dallas Cowboys wakapokea chaguo la raundi ya sita.

Mtu atasema Austin alipewa timu mbovu, na hana kosa anayesema hivyo. Kwotabeki wa Rams, yaani mpiga pasi wao mkuu, Sam Bradford, aliumia goti 2013, akaumia tena 2014 kabla msimu haujaanza, na wapiga pasi wakawa wanabadilishwa kama dereva wa zamu. Lakini timu mbovu haielezi yote. Msimu wa 2016 Austin alidaka pasi 58 akapata yadi 509. Gawanya: haifiki yadi tisa kwa kila pasi. Huyu ni mtu aliyelipwa kwa sababu ya mbio, na alikuwa akipewa mpira karibu na miguu ya kwotabeki, amesimama, akiambiwa sasa fanya muujiza. Chuoni muujiza ulikuwepo kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Hilo la nafasi nataka nilikalie kidogo, maana halionekani kwenye video. Uwanja wa chuo na wa NFL una upana uleule, karibu mita 49. Lakini mpira unaanzia kwenye alama za katikati, na alama za chuo zimeachana mita 12 na ushee, za NFL mita tano na nusu tu. Kwa hiyo chuoni mpira ukiwekwa kwenye alama ya upande mmoja, upande wa pili unabaki na mita 30 na nusu za kukimbilia. NFL zinabaki 27 na kidogo. Mita tatu. Ndizo alizokuwa akipitia kijana wa shemeji kwenye ile video. Halafu upande wa pili wa mizani: anayemkimbiza chuoni mara nyingi baada ya miaka miwili atakuwa mwalimu au muuza magari. NFL anayemkimbiza ni yule mmoja aliyebaki baada ya mchujo. Tofauti ya 4.34 na 4.45 kwa yadi 40 ni kama mita moja tu mwisho wa mbio. Mita moja inatosha ukiwa tayari umempita. Kama bado unamzunguka, haitoshi.

Na Sproles je, yeye nafasi aliipata wapi? Hakuizunguka, alisubiri nyuma ya ukuta. Mfupi wa kilo 85 akijificha nyuma ya wazuiaji wa sentimita 195, walinzi wa kati hawamwoni mpaka ametokea. Akitokea, mlinzi wa kilo 110 anatakiwa amkabe peke yake uwanjani, na huyo kafundishwa kugonga watu, hakufundishwa kukamata panzi. Akimgonga, anamgonga mtu ambaye kitovu chake kiko chini na mapaja yake ni ya mcheza mieleka. Januari 2009, mchezo wa mtoano dhidi ya Colts, Tomlinson akiwa majeruhi, Sproles alikusanya yadi 328 na kumaliza mechi mwenyewe katika muda wa nyongeza. Wakati wa pasi alidaka. Na asipopewa mpira alijitupa miguuni mwa mlinzi anayemjia kwotabeki. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya aachwe uwanjani wakati wa hatari, na mtu akiachwa uwanjani adui hajui anakuja kukimbia, kudaka au kuzuia.

Mizani yangu inapovurugika

Ningependa kusimama hapo nikasema: chukua aliyejazia, basi. Lakini kuna Tyreek Hill, na kuna Deuce Vaughn.

Hill ana sentimita 178 na kilo 84 hivi. Kwa urefu wake huo, unene wake hauna tofauti kubwa na wa Austin. Alichukuliwa 2016 na Kansas City Chiefs, chaguo la 165, na bei hiyo haikuhusu mwili wake hata kidogo. Alikuwa amefukuzwa Oklahoma State baada ya kesi ya kumpiga mwenzi wake, akakiri kosa mahakamani, na timu nyingi zilimfutilia mbali kwa hilo. Uwanjani, msimu wake wa kwanza unafanana na Austin kwa namna ya kutisha: pasi 61, yadi 593, na mateke aliyorudisha hadi mwisho. Mwaka uliofuata: pasi 75, yadi 1,183. Kutoka chini ya yadi kumi kwa pasi hadi karibu kumi na sita. Alijifunza kuwa mpokeaji kamili: kukimbia njia iliyochorwa, kupunguza mwendo bila beki kugundua, kudaka mpira unaoshuka kutoka nyuma ya bega. Austin hakuwahi kuvuka mto huo. Kwa hiyo ukimtazama kijana wa chuo, usiulize tu anafanya nini akishapewa mpira. Uliza kama amewahi kuufuata mpira mbali, yadi 40, na akaudaka mikononi badala ya kuukumbatia kifuani.

Vaughn anaumiza zaidi. Alitoka Kansas State, kama Sproles. Sentimita 165, kilo 81. Mfupi aliyejazia, mdakaji mzuri, na huko chuoni alikuwa kipenzi cha watu. Cowboys walimchukua 2023 kwa chaguo la 212, na baba yake alikuwa mmoja wa maskauti wa timu hiyohiyo. Simu aliyompigia mwanawe kumwambia anakuja kufanya naye kazi iliwaliza watu wazima. Msimu wa kwanza alibeba mpira mara 23 akapata yadi 40. Kwa macho yangu, alikuwa na kila alichokuwa nacho Sproles isipokuwa ule mlipuko wa hatua tatu za kwanza, na bila huo ufupi unarudi kuwa ufupi. Tangu Sproles ang'are, kila mfupi anaitwa Sproles mpya. Ukisikia jina hilo mwezi wa nne, shika mfuko wako.

Wembamba

Huku mimi huwa mwoga, nakiri mapema ili usinishtukie.

DeSean Jackson alitoka Chuo Kikuu cha California mwaka 2008 akiwa na kilo 77 kwenye sentimita 178. Philadelphia Eagles wakampata kwa chaguo la 49. Mwaka wa kwanza tu yadi 912, akaendelea misimu 15, akapita yadi 11,000, na wastani wake ulizidi yadi 17 kwa kila pasi. Sasa mweke karibu na Tutu Atwell wa Louisville: Los Angeles Rams, 2021, chaguo la 57, kilo kama 70. Msimu wa kwanza hakudaka pasi hata moja, na bega likampeleka kwa daktari wa upasuaji. Bei karibu sawa, umbo karibu sawa, kilo saba mbali.

Kilo saba ni kitu, ila sidhani ndizo zilizoamua. Jackson alikaa pembeni kabisa na kukimbia mbele. Mpokeaji wa pembeni anayekwenda mbali hugongwa mara chache, na anagongwa akiwa anakimbia upande uleule na anayemgonga. Anayekatiza katikati anakutana na mtu anayekuja upande wake. Mwembamba akiwekwa pembeni ni silaha, akiwekwa katikati ni suala la muda tu.

Tuliokuwa tukiwatazama Houston Texans Desemba 2023 hatuhitaji kuelezwa. Tank Dell, kilo 75, chaguo la 69 mwaka huo, alikuwa tayari ana yadi 709 na tachidauni saba katika mechi 11. Mguu wake ulivunjika karibu na mstari wa mwisho, wala hakuwa na mpira. Mkimbiaji alikuwa ameubeba, Dell alikuwa ndani ya rundo akizuia, na rundo likamwangukia. Mpaka leo nikiiona ile picha najiuliza ni nani aliyeona busara kumweka pale mtu wa kilo 75. Pengine walitaka kumchanganya adui, na kweli mwembamba asiyezuia kabisa anatangaza mchezo kabla haujaanza. Lakini kuna kuzuia pembeni na kuna kuingia mashineni.

Kuna na mkono wa beki. Sheria za NFL zinamruhusu beki kumgusa na kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi tano za mwanzo. Mwembamba akisimama tuli mstarini, pale mchezo unapoanzia, beki anaweka viganja kifuani pake na mbio zote za 4.3 zinaishia hapo. Dawa ni kumtembeza: aanze kukimbia kidogo pembeni kabla mpira haujachezwa, ili beki asipate cha kushika. Miami Dolphins walifanya hivyo na Hill mwaka 2023, akapata yadi 1,799. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mwembamba atafaa, mtazame kocha kabla ya kumtazama kijana. Kocha anayewapanga watu wake tuli kama wanangoja kupigwa picha ya harusi hafai kupewa mtu wa namna hii.

Wenye saa

Hawa sitakaa nao sana. John Ross wa chuo cha Washington alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, akavunja rekodi ya Chris Johnson ya 4.24 iliyokaa tangu 2008. Cincinnati Bengals wakamchukua wa 9. Msimu wa kwanza: pasi sifuri. Chaguo la 10 mwaka huo alikuwa Patrick Mahomes. Watu wa Cincinnati naomba mnisamehe kwa kukumbusha. Xavier Worthy wa Texas, kilo 75, alikimbia 4.21 mwaka 2024. Naye alichukuliwa raundi ya kwanza, ila mwishoni, chaguo la 28, na aliyemchukua ni Kansas City, timu iliyojua tayari cha kumfanyia mtu mwenye mbio. Mwisho wa msimu huo alidaka pasi 8 kwa yadi 157 na tachidauni mbili katika Super Bowl, fainali ya NFL, waliyofungwa na Eagles 40–22. Kati ya 4.22 na 4.21 hakuna kitu. Kati ya nafasi ya 9 na ya 28 kuna mshahara wa kiongozi, matarajio ya mji mzima, na haki ya kujifunza polepole.

Ningemchukua nani, na lini

Katika raundi ya kwanza, nafasi kumi za mwanzo, mdogo mwenye mbio namwacha apite, awe mfupi au mwembamba. Bei hiyo inamlazimisha kocha kumpa mpira mara kumi kwa mechi ili aonekane hakukosea, na ndivyo unavyozipata zile pasi 58 za yadi 509. Mwaka ule wa Austin, DeAndre Hopkins, mpokeaji wa umbo la kawaida mwenye mikono ya gundi, alikuwa bado yupo hadi nafasi ya 27.

Mwembamba nampangia mwisho wa raundi ya kwanza hadi ya tatu, kwa masharti: awe amedaka mipira mirefu chuoni, sio pasi za mkononi tu, asiwe na historia ya mabega, na timu iwe na kwotabeki anayeweza kumfikia huko aendako. Timu isiyo na mpiga pasi wa mbali ikinunua mwembamba mwenye mbio imenunua redio bila betri.

Mfupi aliyejazia ndiye ninayemsubiri raundi ya nne na kushuka, na hapo simhoji sana. Akiwa anadaka, akiwa haangushi mpira, na akijua kumzuia mlinzi anayekuja, nampa kiti kati ya wachezaji 53 wa kikosi. Thamani yake imepanda tena hivi karibuni. Kwa miaka mingi NFL ilikuwa ikiua urudishaji wa mateke ya kuanzia kwa kuhofia majeraha, na kazi aliyoanzia Sproles ikawa karibu kufa. Mwaka 2024 wakabadilisha mpangilio mzima wa teke hilo, na 2025 wakaliwekea adhabu kali zaidi: ukiupiga mpira moja kwa moja hadi eneo la mwisho, adui anaanzia yadi ya 35. Timu sasa zinapiga mipira ya kurudishwa, na mrudishaji ana kazi kila mechi.

Hapo tu niongeze onyo la Trindon Holliday wa LSU, sentimita 165, bingwa wa mita 100 wa vyuo 2009. Januari 2013, kwenye baridi la Denver, alirudisha teke moja yadi 90 na jingine yadi 104 katika mechi moja ya mtoano, zote tachidauni. Ni nani mwingine anayeweza hayo? Na bado hakudumu, kwa sababu mpira ulikuwa ukimponyoka. Kurudisha mateke ni kazi ya mikono kwanza, miguu baadaye.

Video ya mwaka huu ya shemeji nimeitazama mara nne. Kijana ni mfupi, mapaja anayo, na hatua zake tatu za kwanza zinanikumbusha mtu ninayemheshimu. Nimemwandikia: nitumie nyingine, ile ambayo mpira kapewa mwenzake na yeye yumo uwanjani. Amejibu kwamba hiyo hakuna aliyeiweka mtandaoni. Nimemwambia aendelee kutafuta, raundi ya nne iko Jumamosi.